Mdogo wangu, kabla hujaenda kubeba ndoo za watu

Juma lililopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti anayesoma mwaka wa tatu huko Morogoro. Aliandika kwa adabu zote: "Shikamoo dada. Nimeona makala yako ya vyura, hongera sana. Kuna timu ya watafiti inakuja kutoka nje, wanatafuta wasaidizi wa kwenda nao Usambara. Nifanye nini ili wanichukue? Natamani kufika ulipofika wewe."

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako ulinikuta katika furaha. Makala hiyo ndiyo kwanza imetoka, jina langu la kwanza katika orodha ya waandishi, na la pili ni la kijana wa Muheza niliyemfundisha mwenyewe kushika kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu wa chura. Nilikuwa bado naifungua kwenye simu mara kwa mara, nione tu kama ipo. Mama yangu hasomi Kiingereza, kwa hiyo nilimwonyesha jina. Akauliza kama nitalipwa. Nikamwambia hapana, makala za sayansi hazilipi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, hongera."

Ningeweza kukujibu kwa mistari mitatu: andika barua, ambatisha wasifu, mtaje mwalimu anayekufahamu. Lakini umegusa mahali panapouma, kwa hiyo nivumilie. Najua unachokitaka kwa sababu ndicho nilichokitaka mimi. Unataka kuitwa mtafiti. Unataka ukisimama mbele ya watu useme "vyura wangu" na hakuna wa kukucheka.

Mimi ni mtu wa Muheza, chini ya milima. Utotoni Amani, kule juu mlimani, kwangu ilikuwa ni mahali yanakotoka malori ya chai, na baridi. Zuolojia niliiendea Dar es Salaam kwa sababu alama za udaktari hazikutosha; wenzangu wengi darasani walifika kwa njia hiyohiyo ingawa leo hawasemi. Ulipofika wakati wa fildi, mwalimu alipitisha karatasi tuandike majina. Tembo wa Mikumi walijaa mara moja. Simba wakajaa. Karatasi iliponifikia mimi, iliyobaki na nafasi ilikuwa "amfibia na reptilia, Usambara Mashariki". Wavulana wa nyuma walicheka. Niliandika jina langu kwa hasira.

Usiku wa kwanza tulipanda baada ya mvua ya jioni, tochi za kichwani, gambuti miguuni. Nilitarajia kuwaona vyura kwenye maji, maana ndivyo tulivyofundishwa tangu darasa la nne: yai, kiluwiluwi, mkia unapotea, chura. Mwalimu akatupitisha kwenye mteremko usio na kijito hata kimoja. Kisha nikasikia sauti ndogo, kali, msumari unaogongwa mara moja kwenye chuma, halafu kimya, halafu mwingine mbali kidogo. Tulizungusha tochi mpaka tukamwona: chura mdogo, hafiki urefu wa kidole, amekaa juu ya jani usawa wa kifua changu. Nectophrynoides tornieri. "Huyu," mwalimu akasema, "hatagi. Huyu anazaa."

Hapo ndipo niliponaswa. Jenasi nzima ya Nectophrynoides, yaani yeye na spishi ndugu zake, haipatikani popote duniani isipokuwa Tanzania. Mayai hurutubishwa na kukulia ndani ya mwili wa mama, na wanaotoka ni vyura kamili, wadogo mno. Maelfu ya spishi za vyura duniani hazifanyi hivyo. Wanaozaa ni wa kuhesabika, na hawa wa kwetu wamo. Mimi nilikulia chini ya mlima huo na hakuna aliyewahi kuniambia.

Usiku huohuo nikaonyeshwa wale wa jenasi ya Arthroleptis, wanaotaga kwenye majani makavu na mayai yao kuanguliwa vyura moja kwa moja, bila kupitia kiluwiluwi. Nikaonyeshwa vinyonga waliolala kwenye ncha za matawi, ngozi imefifia, ukimulika wanang'aa wenyewe gizani. Mmoja alikuwa Trioceros deremensis, dume mwenye pembe tatu, aliyepewa jina la Derema, mahali ambapo baba yangu mdogo alikuwa na shamba la iliki. Niliporudi bwenini Dar es Salaam, wale wa tembo walikuwa na picha nzuri kuliko zangu. Sikujali.

Miaka ya shahada ya pili na ya uzamivu naiacha. Ni takwimu, bumu lisilotosha, na msimamizi asiyejibu barua pepe. Utayakuta mwenyewe.

Nikueleze kuhusu ndoo, kwa kuwa ndiko unakoelekea. Ukitaka kujua nani anaishi chini ya majani ya msitu, unachimba mashimo kwa mstari na kuzika ndoo za plastiki mpaka midomo yake ilingane na ardhi. Juu ya mstari huo unasimamisha ukuta wa nailoni unaofika chini kidogo ya goti, umeshikiliwa na vijiti, ukingo wake wa chini umefukiwa. Chura, mjusi, hata nyoka mdogo, akifika kwenye ukuta haurukii; anaufuata, na akiufuata anatumbukia. Chini ya ndoo unatoboa matundu ili mvua isiwazamishe, na unaweka majani mabichi au sponji yenye maji ili jua lisiwakaushe. Alfajiri unapita ndoo moja baada ya nyingine. Kila mnyama anapimwa uzito, anapimwa urefu kutoka puani hadi tundu la haja, anaandikwa ndoo yake, tarehe yake, hali ya mvua, kisha anaachiwa mbali kidogo na ukuta. Wachache wenye kibali huchukuliwa kuwa vielelezo: formalini ya asilimia 10 kwanza, halafu ethanoli ya asilimia 70, na kipande cha ini kwenye ethanoli kali kwa ajili ya vinasaba.

Ukichelewa, siafu wamefika kabla yako. Nimeshakuta ndoo ina mifupa mitupu, safi, ya wanyama waliokuwa hai saa chache nyuma. Hilo halimo katika sehemu ya mbinu za utafiti ya makala yoyote niliyoisoma.

Sasa fikiria nani anaamka alfajiri hiyo. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza, sina kazi, na timu moja ya nje ikanichukua. Nilifurahi mno. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Misimu kadhaa nilichimba, nikazika, nikatoboa, nikapima. Daftari zilikuwa za mkono wangu. Mimi ndiye niliyegundua kwamba mstari wa juu, ule wa karibu na shamba la chai, unanasa wanyama tofauti na ule wa bondeni, nikawachorea ramani jioni moja tukiwa tunakula wali na maharage. Walisema, "Inavutia sana." Walirudi kwao. Barua pepe zikapungua, zikakatika.

Makala yao niliikuta kwa bahati, natafuta kitu kingine. Ramani yangu ilikuwa humo, imechorwa upya vizuri, kwa rangi. Wazo la mstari wa juu na wa bondeni ndilo lililobeba makala nzima. Nikashuka mpaka mwisho, kwenye shukrani, na huko nikajikuta: "wasaidizi wetu wa nyanjani na madereva". Bila jina. Dereva naye hakutajwa jina, na yeye ndiye aliyetuvusha korongo lile la Sigi mvua ilipovunja barabara.

Sitaitaja timu hiyo. Wengine wao ni watu wakubwa sasa, na huenda wakasema hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yakiendeshwa wakati huo. Lakini nikiri jambo moja ambalo si zuri. Niliposikia baadaye kwamba mradi wao haukupata fedha ya awamu ya pili, nilinunua soda baridi nikainywa polepole.

Kwa hiyo, mdogo wangu: andika. Kila usiku, kabla ya kulala, andika katika daftari lako mwenyewe ulichokiona na ulichokifikiri, uweke tarehe. Daftari la mradi ni la mradi. Lako ni lako. Wazo ambalo halijaandikwa halina mwenyewe, na litaokotwa na yeyote mwenye kalamu.

Nilikaa na uchungu huo muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Kilichonitoa humo ni jambo dogo: niligundua kwamba wao waliondoka, mimi nipo. Niko saa moja na nusu kutoka msituni kwa gari bovu. Naweza kupanda masika, naweza kupanda vuli, naweza kupanda mwezi wa nane kwenye kiangazi ambako hakuna mgeni anayetaka kuja kwa sababu vyura hawalii. Hicho wao hawana, na hawawezi kukinunua kwa ruzuku yoyote.

Angalia nilichokiona kwa kubaki tu. Vuli ya 2019 mvua zilizidi kupita kiasi. Wa Tanga mnakumbuka barabara zilivyokatika. Ndoo zangu zilifurika vyura wa majani makavu. Mtafiti ambaye angekuja mwaka huo kwa wiki tatu angeandika kwamba hali ni nzuri ajabu. Vuli ya 2022 mvua zikagoma, Ruvu ikashuka mpaka Dar es Salaam ikapewa maji kwa mgao, na huku juu majani yalikuwa yanavunjika ukiyakanyaga. Ndoo zilikaa tupu asubuhi baada ya asubuhi. Mtafiti wa mwaka huo angeandika kwamba vyura wamekwisha. Wote wawili wangekuwa wamehesabu sawasawa, na makala zao zingepita. Chura anayeishi miaka michache, anayepumua kwa sehemu kubwa kupitia ngozi, anapanda na kushuka pamoja na mvua, na huwezi kujua kipi ni kushuka kwa kawaida na kipi ni kutoweka mpaka uwe umemtazama kwa miaka. Hilo ndilo makala yangu inalosema, ukiondoa majedwali.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka Kihansi. Chura yule, Nectophrynoides asperginis, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi huko Udzungwa, katika eneo la takriban hekta 2 tu lililokuwa likinyunyiziwa maji na maporomoko mchana na usiku. Bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, ukungu ule ukakatika. Mwishoni mwa 2000 karibu vyura 500 wakasafirishwa kwenda kutunzwa katika bustani za wanyama Marekani, na korongoni zikafungwa bomba za kunyunyiza maji. Na bomba zilisaidia! Mwezi Juni 2003 walikadiriwa kufikia kama 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa wameporomoka, na mwanzoni mwa 2004 kumpata hata mmoja ilikuwa kazi. Kuvu wa ngozi, Batrachochytrium dendrobatidis, alikutwa kwa waliokufa. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwezi Agosti 2010 vyura 100 wakarudishwa, wakapelekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Watu husimulia habari hiyo kwa ajili ya ndege iliyobeba vyura, na kweli inasisimua. Mimi huisimulia kwa ajili ya wale waliokuwa wakihesabu. Bila watu wa kushuka korongoni mara kwa mara na kuandika idadi, tusingejua kwamba walipanda kwanza ndipo wakaporomoka. Tungesema bwawa limewaua, basi. Kumbe habari ina mguu wa pili, yaani kuvu, na huo mguu wa pili ndio unaomhusu kila mtu anayeingia msituni na buti zenye tope. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulihesabu spishi 501 za amfibia duniani zilizopungua kwa sababu ya ugonjwa wa kuvu, na 90 kati yake zikadhaniwa zimekwisha kabisa. Kwa hiyo ukitoka kijito kimoja kwenda kingine, gambuti zako, ndoo zako na vijiti vyako vipite kwenye jiki na vikauke. Nimewahi kumrudisha mgeni mashuhuri garini kwa sababu hii. Alinuna. Akaosha.

Kaa na mlima mmoja, basi. Milima ya Tao la Mashariki ni safu 13, kuanzia Taita ile ya Kenya mpaka Mahenge na Udzungwa, na najua hamu ya kuizungukia yote, upige picha kila kilele. Acha. Chagua mmoja uukae. Nasema hivi nikijua vijana wenzako wanaruka kutoka mradi hadi mradi, leo nyani, kesho popo, keshokutwa hewa ya ukaa, na wasifu wao umejaa. Ukiwauliza wanajua nini, wanajua kujaza fomu za posho.

Mlima ukiukaa, wenyeji nao wanakuzoea. Mtu aliyenifundisha zaidi si profesa. Ni mzee mmoja wa kijiji cha jirani na hifadhi, tulimwita Babu, aliyekuwa akifanya vibarua vya watafiti tangu ujana wake. Babu hakuwa na haja ya tochi kumjua chura, alisikiliza. Siku moja alinipasulia mwanzi uliooza, ndani kuna maji ya kiganja, na ndani ya maji viluwiluwi vya Hoplophryne rogersi, chura anayezalia kwenye mianzi na migomba pori na si kwenye mto wala dimbwi. Nilikuwa nimewatafuta hao kwa muda mrefu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. "Hukuuliza," akasema. "Uliuliza njia."

Babu ndiye aliyeniuliza pia, wakati napanga chupa za vielelezo, "Hao wanakwenda kukaa wapi?" Ikabidi nimweleze kuhusu Parhoplophryne usambarica, chura mdogo aliyepatikana Amani mwaka 1926. Alipatikana mmoja. Sayansi inamjua kwa kielelezo hicho kimoja tu, nacho kiko Harvard, Marekani. Babu alitikisa kichwa akasema wangemwacha apate mwenzake. Tangu siku hiyo kila masika humtafuta huyo wa pili, na sitaona haya kusema ndoto yangu ni kumpata mimi.

Usidhani bahati haina sehemu. Mwaka 2009 kinyonga mpya, Kinyongia magomberae, alielezwa kisayansi kutoka msitu wa Magombera, bonde la Kilombero. Mmoja wa hao vinyonga alipatikana kwa sababu mtafiti alimshtua nyoka aliyekuwa anamla, nyoka akamtema mbele yake. Huyo mtafiti alikwenda kwa ajili ya nyani! Lakini alikuwa msituni. Bahati ya namna hiyo haimfikii mtu aliye semina Dodoma.

Kuhusu nyoka wenyewe nitakuwa mfupi maana mengi unayajua. Gambuti ndefu kila siku, mkono usiingie chini ya gogo, tumia fimbo yenye ndoano. Usambara Mashariki ina bafe wa vichakani, Atheris ceratophora, mwenye vipembe juu ya macho, mzuri wa kupiga picha, na sumu yake haina dawa maalumu. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, lakini orodha haikupandishi pikipiki usiku ukafika Muheza. Jua kabla ya kupanda ni hospitali gani, na gari ni la nani.

La kuwa mwanamke katika kazi hii halimo kwenye fomu ya maombi, kwa hiyo nakuambia mimi. Utaonekana msituni usiku na taa kichwani pamoja na wanaume, umeshika chura. Kijiji cha kwanza nilichofanyia kazi kilishasema mimi mchawi kabla sijamaliza kusimamisha hema. Kinyonga ndiye aliyewatisha zaidi. Kwetu kuna watu ambao wakikutana naye njiani wanarudi nyumbani. Barua ya utafiti haikunisaidia kitu. Kilichonisaidia ni kukaa kwa mwenyekiti wa kitongoji, kunywa chai, kumpelekea mtendaji nakala, na kuwaita akina mama waje waone ndoo asubuhi. Walipoona tunawaachia wanyama wale wakiwa hai, maneno yalipungua. Hayakuisha. Mama mkwe wangu, mwanamke mwema sana, mpaka leo amenitengea beseni langu la kunawia nikitoka kazini, na hakuna mwingine anayeligusa. Tafuta mwanamke mwenzako mwende wote. Timu ikikuambia hakuna bajeti ya mwanamke wa pili, jua kwamba hawajafikiria kuhusu wewe.

Vibali havina utamu wowote. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa utafiti, Wakala wa Huduma za Misitu kwa kuingia hifadhini, TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, kwa wanyamapori, na kinyonga akitaka kuvuka mpaka hata akiwa ndani ya chupa kuna karatasi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini. Anza mapema kuliko unavyodhani. Ila shika hili moja: mtafiti wa kigeni anatakiwa awe na mshirika wa Kitanzania ndipo apate kibali. Soma tena sentensi hiyo. Wanakuhitaji kabla hujawahitaji. Mimi sikulijua hilo wakati wangu, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuniambia.

Fedha ndogo zipo kwa mtu wa spishi. Rufford Foundation ya Uingereza inatoa ruzuku ndogo kwa hatua, ukimaliza ya kwanza vizuri unaomba ya pili. Mohamed bin Zayed Species Conservation Fund nao wanatoa kwa spishi moja moja. Hazitakujengea nyumba. Zinanunua ndoo, zinamlipa Babu kwa heshima, na zinakufanya uwe mwenye mradi badala ya msaidizi. Ombi langu la kwanza lilirudishwa kwa maneno mawili. La baadaye nilikaa nalo usiku kucha, nikaandika jambo moja tu badala ya kuokoa dunia nzima, likapita. Andika kuhusu mlima wako. Andika tena.

Maana vijana wa siku hizi mnataka matokeo ya haraka, na mitandao imewaharibu. Mnapiga picha na chatu, mnaweka, mnapata sifa, mnajiita wahifadhi. Amfibia wawili katika kila watano duniani wako hatarini kutoweka, tathmini ya 2023 imesema hivyo, na wewe unahangaika na taa ya picha? Msitu hautaki ushabiki, unataka mahudhurio. Samahani, nimeanza kuhubiri. Mume wangu husema nikifika kwa vijana sinyamazi.

Lakini si kwamba hakuna mfano mwema. Ng'ambo ya mpaka, Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya ni mmoja wa walioieleza Boulengerula niedeni, amfibia asiye na miguu wa kilima cha Sagalla, mwaka 2005. Mwaka 2023 John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa walioieleza Hyperolius ukaguruensis, chura wa milima ya Ukaguru ambaye halii kabisa. Katika kazi zote mbili waandishi wa nje wapo, na majina ya wenyeji yapo pamoja nao, juu, mahali pa waandishi. Kwa hiyo inawezekana kufanya kazi na wageni. Nimefanya nao baadaye, wengine ni marafiki zangu, mmoja alilala kwetu Muheza akala bada kwa kisamvu na hakulalamika. Sikuambii uwakatae. Nakuambia uingie ukiwa mtu mwenye swali lake.

Makala yangu nayo haikupita kirahisi. Mhakiki mmoja aliuliza kwa nini eneo la utafiti ni "dogo hivyo". Nilicheka peke yangu. Nilimjibu kwa upole kwamba ni dogo kwa sababu nimekaa hapo muda mrefu, nikamwekea jedwali la mvua la miaka yote. Mhariri akakubaliana na mimi. Jibu hilo nimelihifadhi, na nikiwa na siku mbaya hulisoma.

Sasa timu yako. Kabla ya kusema ndiyo, waandikie barua pepe, iwe ya heshima, uwaombe mambo matatu na wakujibu kwa maandishi: nakala ya data utakazokusanya ibaki nchini na wewe uwe nayo, swali moja dogo ndani ya mradi liwe lako, la kuandikia tasnifu yako ya mwaka wa tatu, na wakubali kwamba ukichangia wazo au uchambuzi, unakuwa mwandishi. Mpe nakala mwalimu wako. Watu wazuri watajibu siku hiyohiyo, maana siku hizi hata majarida yao yanawauliza maswali hayo. Na wanaosema "tutaongea mkifika", usiende.

Wakikataa, niandikie. Vuli ikianza mwezi wa kumi nahitaji mtu wa kupima, posho ni ndogo na chumba ni cha kuchangia. Ndoo tayari zimeshazikwa. Uje na gambuti zako, maana za kwangu ni namba 37 na huwa siazimi.